Baiskeli ya milimani ya 1991: nguzo ya siti, krenki na gia

Fremu ni ya kromoli (chuma chepesi kigumu), rangi imebabuka na lebo zimefutika, kwa hiyo mwaka wake unasomwa kwenye vipuri. Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, enzi hizo waligonga herufi mbili ndogo: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Mgongoni mwa krenki (mkono wa pedali) ya Deore LX kuna PC, yaani Machi 1991. Kibadili gia cha nyuma ni PB, habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni PC. Vitatu hivyo vinakubaliana. Habu ya mbele haina alama yoyote na umbo lake ni geni, hivyo iliwahi kubadilishwa. Habu ya mbele ya mwaka huo ndiyo ya kutafutwa.

Nguzo ya siti imekula siku nyingi kuliko kazi nyingine zote. Ni ya alumini ndani ya bomba la chuma, na kwa unyevu wa huku ziwani Mwanza zilikuwa zimeshikana kabisa. Alumini ikigusana na chuma penye maji huliwa, na ule unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, basi nguzo inajikaza yenyewe. Mafundi wengi hukimbilia moto. Hapo moto unadhuru, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha vyote pamoja unazidi kukaza.

Kilichofaa ni baridi. Baiskeli iligeuzwa juu chini, ekseli ya krenki ikatolewa, oili ya kulegeza kutu ikamiminwa kupitia tundu la chini na kuachwa siku tatu. Kisha bolti ya kubana siti ikatolewa kabisa, si kulegezwa tu. Barafu ya samaki kutoka mwaloni Kirumba ilipondwa na kujazwa ndani ya nguzo, ambayo iko wazi katikati, huku fremu ikizungushiwa kitambaa cha maji ya moto. Nguzo ikishuka nyuzi 30 husinyaa karibu milimita 0.02. Ni kidogo mno kuonekana, lakini hutosha kuvunja ule mshiko. Kichwa cha nguzo kilibanwa kwenye jiliwa na fremu ndiyo ikazungushwa, kwa kuwa ndiyo yenye urefu wa kukupa nguvu. Zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Ukilazimisha upande mmoja nguzo hukatika ndani. Ilitoka kwenye barafu ya tatu.

Kipimo kilichogongwa ni 26.8. Nguzo hizi hupishana kwa 0.2 tu, na mtu akiweka 26.6 kisha akabana sana, masikio ya fremu hukunjana na mwisho hupasuka. Pima kwa vernia kabla ya kununua, na nguzo mpya ipakwe grisi urefu wote unaoingia.

Krenki zilikuwa na alama za nyundo. Chanzo kinajulikana: krenki ya baiskeli ya Phoenix hufungwa kwa kotapini (pini ya kabari), na kotapini hutolewa kwa kugongwa. Hizi hazina pini. Zinakaa kwenye ekseli ya pembe nne na hutolewa kwa kivutio, yaani kifaa cha kuvutia krenki, chenye uzi wa milimita 22. Kabla ya kukifunga hakikisha washa iliyo chini ya bolti imetoka, la sivyo kivutio kinaisukuma washa na kung'oa uzi wote wa krenki. Kikombe cha kulia cha ekseli kina uzi wa kinyume, hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ndani kila upande unachukua gololi 11 za robo inchi, saizi ileile inayouzwa kwa ajili ya Phoenix. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye kuukuu na mpya.

Habu ya nyuma: gololi 9 za robo inchi kila upande, koni hazijachimbika, grisi mpya, imekwisha.

Vishika gia vya Rapidfire, vile vya kubonyeza kwenye usukani, vilikuwa vinabonyea bila kushika. Havijafa. Grisi ya kiwandani imekauka na kugandisha vijino vya ndani. Usivifungue, springi zake zinaruka. Vimwagie mafuta ya taa, bonyeza mara mia, acha yachuruzike, rudia hadi yatoke safi, kisha oili nyepesi. Grisi nzito isirudi humo. Sasa hatua zote saba zinasikika.

Cheni imepimwa kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 panapaswa kuwa milimita 304.8, hii ina 307. Inatupwa. Cheni, waya na tairi ni vitu vya kuisha, na kuving'ang'ania vya 1991 ni kujitafutia ajali, hasa raba iliyopasuka. Tairi ni za inchi 26, rimu ya milimita 559. Panaracer Smoke nyuma na Dart mbele zinalingana na miaka hiyo.

Zilizobaki ni breki. Raba nyingi zinazouzwa mjini zina mguu wenye uzi, za breki za kisasa, na haziingii. Breki hizi za waya wa katikati hutaka mguu laini wa mviringo unaobanwa na bolti ya jicho. Zikipatikana pamoja na habu ya mbele yenye herufi ya P, magurudumu yatasukwa upya na baiskeli itajaribiwa kwenye mlima wa Bugando, meno 26 mbele na 28 nyuma.