Watatu waliokuwa wa tatu

Dada yangu wa Likoni hajawahi kugusa barafu isipokuwa ile ya kwenye glasi ya juisi ya ukwaju, lakini tangu nianze kazi hii huku Calgary, Kanada, namchosha kwa hadithi za wasichana wanaoteleza na kuruka kwenye barafu. Alhamisi moja ya Februari 2026, medali za wanawake za mchezo huo kwenye Olimpiki ya Milano zilipotoka, akanipigia, kwao imeshapita saa sita usiku.

"Kaka, yule mtoto wako wa Kijapani mbona simwoni?"

"Hayupo."

"Kaumia?"

"Hajaumia. Kazaliwa Oktoba."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema baridi imenipanda kichwani. Kabla sijamweleza, bando lake likaisha. Basi naandika hapa, atasoma asubuhi.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kunoa visu vya viatu vya kutelezea. Mjomba alinoa visu vya kuchinjia pale Kongowea, kwa jiwe lililozungushwa na baiskeli isiyokwenda popote, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshangaa sana. Tofauti ni kwamba kisu cha mjomba kilikuwa na makali upande mmoja. Hiki changu kina makali mawili. Ukikigeuza ukakitazama chini, utaona katikati mfereji mwembamba uliochimbwa na jiwe, na kila upande wa mfereji ukingo wake. Makali ya ndani na makali ya nje. Anayejua kuteleza huegemea moja, akahamia jingine, na mchezo wote uko humo. Mbele kabisa kuna meno, ya kuchomea barafu wakati wa kuruka.

Nikishika kisu cha binti naweza kukisia wiki yake imepitaje. Kuna kinachorudi kimechakaa mbele tu, karibu na meno: huyo anaruka na kujizungusha, basi. Kuna kinachorudi kimelika sawasawa toka mbele hadi kisigino: huyo anateleza. Nikiulizwa na wazazi ni nani atafika mbali, huyu wa pili ndiye ninayemtaja, na mara nyingi hawafurahi, kwa sababu wa kwanza ndiye anayeshinda mwaka huu.

Machi 2023 mashindano ya dunia ya vijana yalikuja hapa kwetu, kwenye uwanja ulio chini ya kilima cha Olimpiki ya 1988. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Mao Shimada, yule mtoto wa Kijapani, alikuwa na miaka 14. Nilikaa safu za juu, na toka kule alionekana kama kijiti cha kiberiti. Akaja na akseli ya mizunguko mitatu na nusu, mruko pekee ambao mtu anauanza akiwa ameelekea mbele, na ndiyo maana una hiyo nusu ya ziada. Akatua. Kisha mruko wa mizunguko minne. Akatua tena. Kutua kuzuri hakuna kishindo. Ni mkwaruzo mmoja mrefu, kama kanga mpya inapochanwa katikati. Mama mmoja wa Kikorea aliyekaa pembeni yangu alishika kichwa kwa mikono miwili, maana binti wa kwao, Shin Ji-a, ndiye aliyekuwa akipigwa. Shimada akawa wa kwanza, Shin wa pili kwa tofauti ya zaidi ya pointi 20, na wa tatu Mjapani mwingine, Ami Nakai.

Mwaka uliofuata Shimada akashinda tena, Taipei. Na 2025 tena, Debrecen. Kote huko wa pili alikuwa Shin yuleyule, na 2022, kabla Shimada hajafika umri wa vijana, Shin alikuwa wa pili pia, nyuma ya Mmarekani Isabeau Levito kwa pointi 0.54. Medali nne za fedha mfululizo. Nyumbani tungemtafutia mtu wa kumsomea dua.

Sasa hesabu ya umri. Juni 2022 chama cha mchezo huu duniani, ISU, kilikutana Phuket kikapiga kura, 100 kwa 16, kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Jambo hilo lilikuwa likizungumzwa zamani, lakini Olimpiki ya Beijing ndiyo iliyolimaliza: miezi minne kabla, dunia ilimtazama Mrusi Kamila Valieva, miaka 15, akianguka tena na tena na kesi ya dawa zilizokatazwa imemning'inia kichwani. Baada ya hapo nani angesimama kutetea watoto wabaki?

Umri huhesabiwa tarehe 1 Julai, msimu unapoanza. Wa kwenda Milano alitakiwa awe ametimiza 17 kufikia 1 Julai 2025. Shin ni wa Machi 2008. Nakai ni wa Aprili 2008. Shimada ni wa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Miezi minne ikamfungia mlango. Aliyekuwa akipigwa kila mwaka akaenda Olimpiki, na aliyekuwa akimpiga akabaki nyumbani. Na jina hilo la Mao alipewa kwa ajili ya Mao Asada, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana 2005 kisha akakosa Olimpiki ya Turin 2006 kwa umri, pungufu ya miezi mitatu. Bibi yangu angesema jina humfuata mwenyewe. Mimi nalaumu kalenda.

Lakini hili ndilo nililotaka kumwambia dada. Tazama waliosimama na medali Milano: Mmarekani Alysa Liu dhahabu, Mjapani Kaori Sakamoto fedha, Nakai shaba. Liu alikuwa wa tatu kwenye dunia ya vijana 2020, Tallinn. Sakamoto wa tatu 2017, Taipei. Nakai wa tatu hapahapa, nilimwona kwa macho yangu. Watatu, na wote walikuwa wa tatu.

Najua, sadfa. Sitamwambia mtu aweke pesa kwa wa tatu. Ila waulize waliowapiga walikwenda wapi. Aliyeshinda 2017 ni Alina Zagitova, na kwa sheria ya zamani aliruka moja kwa moja hadi dhahabu ya Olimpiki ya PyeongChang mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 15. Aliyeshinda 2020 ni huyohuyo Valieva. Zamani ubingwa wa vijana ulikuwa ngazi ya mwisho kabla ya kiti chenyewe. Mtoto alipanda kabla mwili haujabadilika, akachukua medali, akaondoka. Sasa kati ya ushindi wa miaka 14 na Olimpiki ya kwanza kuna pengo, na ndani ya pengo hilo kuna kukua. Tusijidanganye pia: 2022 hadi 2025 Warusi hawakuruhusiwa kwenye dunia ya vijana, kwa hiyo meza ya miaka hiyo ilikuwa na viti vitupu, na viti hivyo vilikuwa vya mbele.

Kukua mimi nakuona kabla ya makocha, kwa sababu kunaanzia miguuni. Nina daftari. Tarehe, saizi ya buti, kina cha mfereji. Kuna binti mmoja wa hapa mtaani, sitamtaja, ambaye kwa miaka miwili mstari wake haukubadilika: saizi ileile, na kila Jumamosi habari mpya ya mruko. Msimu wa kiangazi uliopita akapanda nusu saizi. Kufikia Novemba, nusu nyingine. Desemba mama yake akaniambia miruko imepotea, kwamba kocha anasema ni woga. Woga gani? Mtu aliyejifunza kuzunguka angani chini ya sekunde moja akiwa na kimo fulani na mabega fulani, leo ana mikono mirefu zaidi na nyonga nyingine. Uzito ukisogea mbali na mhimili, mzunguko unapoa, na huwezi kuukaripia ukasikia. Lazima ajifunze upya, huku wenzake wa miaka 13 wakimpita wakicheka.

Hapo ndipo kisu kilicholika sawasawa kinapoonekana faida yake. Akipoteza mruko, huyu bado ana kasi, ana magoti, ana makali ya nje yanayoweza kumbeba nusu uwanja bila kusukuma. Sakamoto ndivyo alivyo. Hakuwa mtoto wa miujiza, na mizunguko minne haikumjengea jina, lakini ukimtazama akipita utadhani uwanja umeinama upande wake. Alifika Milano na mataji matatu ya dunia, 2022, 2023 na 2024; 2025 Boston alikuwa wa pili, nyuma ya Liu.

Na Liu ndiye anayeniharibia hesabu zote. Bingwa wa Marekani akiwa na miaka 13, Januari 2019, wakati hata mashindano ya kimataifa ya vijana hakuwa na umri wa kuingia. Mtoto wa akseli kubwa na mizunguko minne. Aprili 2022, miaka 16, akasema basi, akaning'iniza viatu. Miaka miwili hakushindana. Akarudi 2024, bingwa wa dunia 2025, na Milano dhahabu akiwa na miaka 20, bila ule mruko uliomtoa jina utotoni. Alicheka tangu anaingia hadi anatoka. Ningekuwa na daftari lake, sijui ningeandika nini kwenye ile miaka miwili. Labda mstari mtupu.

Shimada alikuwa na miaka 17 wakati wa Milano, na kuanzia msimu wa 2026-27 mlango wa wakubwa uko wazi kwake. Olimpiki ya majira ya baridi inayofuata ni 2030, milima ya Ufaransa, naye atakuwa na 21. Dada, ukiniuliza atashinda, nitakujibu nionyeshe kisu chake kwanza.

Yule binti wa mtaani alikuja juzi na mama yake. Walitaka kunoa tu. Nikabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba, nikakuta dole gumba la mguu limeshagonga mbele, hakuna nafasi hata ya karatasi. Mama akaniuliza kama haziwezi kuvuka hadi Juni. Buti na visu vya kiwango chake hupita dola 1,500 za Kanada, na hizi hazina hata miezi minne. Binti alikuwa ameinamia simu, anatazama Liu kwa mara ya sijui ngapi.

Nikawaambia visu vinafaa, tutavihamishia kwenye buti jipya. Nikachukua bisibisi nikaanza kufungua skrubu.