Lava ya Hawaii ilivyonitoa jasho nikiwa Goma

Pale Birere, hapa Goma, kuna yaya mmoja (kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto) anayetengeneza simu na kujua kila kitu. Nilipomwonyesha kwamba video yangu ya volkano imefungwa YouTube dunia nzima kwa dai la hakimiliki, hata hakuinua macho. "Mdogo wangu, andika tu kwamba ni matumizi ya haki. Wazungu wakiona maneno hayo wanatetemeka." Maana yake ni kwamba umetumia kazi ya mtu bila ruhusa, lakini kwa sababu inayokubalika, kama kufundisha. Nikaandika. Hakuna aliyetetemeka.

Video yenyewe ilikuwa ya dakika 11. Nilitaka kuwaeleza vijana wa mtaani kwetu Majengo jinsi lava inavyotembea, maana usiku wa 22 Mei 2021 ile ya mlima wetu Nyiragongo ilifika Buhene, karibu na kiwanja cha ndege, na siku chache baadaye tukawa barabarani kuelekea Sake, godoro kichwani. Picha zangu za usiku ule ni mbingu nyekundu tu na kidole changu. Kwa hiyo nilichukua picha za Kilauea, kule Hawaii, mwaka wa 2018: ule ufa namba 8 uliotapika mto wa moto hadi baharini na kusaidia kumeza nyumba zaidi ya 700. Zilipigwa na wataalamu wa USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani. Sheria yao, kifungu cha 105 cha juzuu ya 17, inasema kazi ya mtumishi wa serikali kuu aliyoifanya akiwa kazini haina hakimiliki nchini humo.

Sasa kituo fulani cha televisheni, mbali kabisa na hapa, kilichota picha hizo hizo kikaziweka kwenye taarifa yake ya habari, kisha kikaisajili taarifa nzima katika Content ID, mashine ya YouTube ya kulinganisha video. Mashine haiulizi nani alitangulia. Inaona zinafanana, inafunga.

Pingamizi langu la kwanza, lile la matumizi ya haki, lilikaa hadi siku ya 29. Mdai ana siku 30 za kujibu, na hawa walizifaidi karibu zote. Jibu: hapana. Nikarudi Birere nimenuna. Yaya akasema basi niandike chini ya video "sikusudii kuvunja haki ya mtu". Nilimwachia simu ya mteja wake nikaondoka. Maneno hayo ni sawa na kuingia shamba la mtu huku unaimba kwamba wewe si mwizi.

Usiku huo umeme ulirudi kama saa nne. Nikafungua ile taarifa yao ya habari kwenye chaneli yao wenyewe, nikaanza kuitazama polepole, picha baada ya picha, kama mtu anayetafuta chawa. Sehemu ya lava ilipoanza, utepe wao mwekundu wenye jina la kituo ulichelewa kuingia. Sekunde mbili tu. Na katika sekunde hizo mbili, chini kwenye kona ya kushoto, palikuwa na herufi nne nyeupe. Nikasimamisha. Nikakuza. Nikamwamsha mke wangu: "Mama Furaha, soma hapa." Akasoma, U, S, G, S, akauliza kama ndiyo namba ya gari lililotugonga ukuta. Nilicheka hadi majirani wakagonga ukuta wenyewe.

Yaani walikuwa wamefunika jina la mwenye picha kwa utepe wao, tena kwa kuchelewa!

Rufaa niliiandika asubuhi. Safari hii sikugusa habari ya matumizi ya haki. Nilisema picha hizi ni mali ya umma, nikaweka kiungo cha ukurasa wa USGS wenye tarehe ya picha, nikataja dakika na sekunde ya taarifa yao zinapoonekana zile herufi nne, na kile kifungu cha 105. Nikaongeza kwamba Agosti 2012 NASA yenyewe ilifungiwa video yake ya Curiosity kutua Mirihi, kwa dai la shirika la habari. Kabla ya kutuma nilikata kipande kimoja cha sekunde sita: pale USGS waliandika kwamba wamekipata kwa hisani ya mtu wa nje, na hicho si cha serikali. Muziki nao niliutoa mapema, kwa sababu hata video za NASA huwa na muziki wa kukodi.

Walitaka anwani kamili. Majengo, nyuma ya msikiti, nyumba ya mbao yenye mlango wa bluu. Nilituma hivyo hivyo.

Kwenye rufaa mdai ana siku 7 tu. Siku ya tano video ilifunguka, bila salamu wala pole. Megabaiti zilikula dola kumi, labda kumi na tano. Mama Furaha ana hesabu yake, ni kubwa zaidi.

Binamu yangu wa Bukavu alipoona hivyo akapakia hotuba nzima ya waziri wetu, eti cha serikali ni cha wote. Nikampigia simu aitoe. Kifungu cha 105 ni cha serikali kuu ya Marekani. Uingereza wana hakimiliki ya Taji, yaani ya serikali yao, na sisi Wakongo tuna sheria yetu ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986.

Yule yaya sasa anawaambia wateja kwamba rufaa ile aliiandika yeye. Juzi amenidai faranga elfu tano za ushauri.