Nilivyochonga Matumbawe Yaliyopauka kwenye Ubao wa Jahazi

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu, na kazi inayonilisha ni milango na masanduku. Nilipoamua kuchonga matumbawe, ugumu haukuwa katika maumbo, kwa kuwa patasi iliyozoea maua ya mlangoni haishindwi na tumbawe la mviringo wala lenye matawi. Ugumu ulikuwa katika weupe. Watu wengi wakiona tumbawe jeupe hudhani limekwisha kufa, ilhali tumbawe lililopauka bado li hai, ila lina njaa, na tofauti hiyo ndiyo niliyotaka aione hata mtu asiyewahi kupiga mbizi.

Kabla ya kushika patasi nilijifunza jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi miani midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hulipatia sehemu kubwa ya chakula chake pamoja na rangi yake. Maji yakizidi joto la juu la kawaida la msimu kwa nyuzi 1 hivi za Selsiasi, yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, tumbawe huitoa miani hiyo, nyama yake ikabaki angavu kama kioo, na mfupa mweupe ulio chini ukaonekana. Ndivyo ilivyokuwa pwani yetu mwaka 1998, kaskazi ikielekea ukingoni, na matumbawe mengi mno yakafa. Mwaka 2016 yakapauka tena.

Maelezo hayo ndiyo yaliyonipa njia. Nilichukua ubao wa jahazi kuukuu, nikauchonga, nikausugua kwa msasa, kisha nikaupaka wote rangi nyeupe, kwa sababu mfupa wa karibu kila tumbawe ni mweupe, liwe zima au gonjwa. Sehemu zilizo hai nikazipaka juu yake tabaka jembamba la kahawia, kijani na zambarau. Zilizopauka sikuzipaka chochote ila vanishi safi, ili mtazamaji aone kuwa juu ya ule weupe bado pana nyama. Zilizokufa nilizinyima vanishi, nikazifunika kwa kijani kizito kisichong'aa, maana tumbawe lililokufa halikai jeupe kwa muda mrefu kabla ya kuvamiwa na mwani. Chokaa ya kienyeji sikuitumia, ingawa nyumba zetu za mawe zimepigwa lipu kwayo: kwa desturi hupatikana kwa kuchoma matumbawe, nami sikuona sawa kuyalilia kwa majivu yake.

Ami yangu, ambaye ni mvuvi, aliutazama ubao kwa makini akauliza, "Mwanangu, pono na tasi wako wapi? Wakivuliwa wote, nani atakayekula huo mwani?" Swali lake lilikuwa na uzito, kwa sababu samaki hao wakiutafuna mwani, matumbawe machanga hupata mahali pa kushika. Niliwachonga upande wa sehemu iliyokufa tu, midomo yao ikigusa kile kijani, na nyuma yao nikaacha vidoa vya mfupa ulio wazi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi nzima.

Ubao ninaouchonga sasa unahusu juya, wavu unaokokotwa chini ya bahari ukivunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga, pono na tasi wakiwemo, ingawa sheria ya Kenya imeupiga marufuku.