Mnavu wa jirani na dawa ya mamangu

Wiki jana tumeenda kupima damu ya mamangu, INR, kile kipimo cha damu yachelewa kiasi gani kuganda, imesoma 1.4 na yeye atakiwa awe kati ya 2 na 3, nkahesabu vidonge vyake vya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kimoja kimoja, hata kimoja hakuruka. Kumbe mama mmoja jirani hapa Majengo kasikia ana shida ya damu, basi kila siku sahani ya mnavu wa nazi, eti imuongeze damu. Mnavu wenyewe mtamu, hata mimi nlikula.

Mama alifanya bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, ndo akaanzishiwa sindano za tumboni pamoja na hivyo vidonge. Watu huita dawa ya kufanya damu nyepesi lakini damu haiwi nyepesi hata, uzito ni ule ule, kinachocheleweshwa ni kuganda. Na bonge lililopo halilivunji, hilo mwili wenyewe hulimaliza polepole, dawa kazi yake lisizidi.

Chukulia mahamri. Maini ndo hutengeneza protini za kugandisha damu, na baadhi yake zataka vitamini K kama mahamri yatakavyo hamira. Mwili ukishaitumia vitamini K huirudisha upya itumike tena, warfarin inaziba hapo, kwa hivyo maini yanakanda unga kama kawaida lakini yatoka mahamri hayakuumuka, na hayo hayagandishi kitu. Ila yale ya juzi yaliyoumuka bado yanazunguka kwenye damu, mpaka yaishe ni siku kadhaa, ndo maana ya zile sindano za mwanzo, zenyewe hushika siku hiyo hiyo. Sasa mnavu, mchicha, kisamvu, sukuma zote zimejaa vitamini K. Yaani jirani alikuwa atuletea hamira mpaka mlangoni!

Kuna mtu alishamwambia mama aache mboga za majani kabisa, daktari akakataa, asema ale tu ila kiasi kile kile kila wiki, dawa inapimwa kulingana na chakula chake.

Siku ya kupima mama alimuona mhudumu akikigeuza kichupa chenye kifuniko cha buluu taratibu, juu chini, akauliza mbona damu ya humo haigandi. Ndani mna sitreti, inaishika kalisi (calcium) yote ya damu, na bila kalisi damu haigandi. Huko maabara wanairudisha kalisi halafu wahesabu sekunde mpaka igande, INR yatoka hapo.

Kosa langu ni kumwambia kuwa warfarin ilianza kuuzwa 1948 kama sumu ya panya, watu wakaruhusiwa kuitumia 1954. "Kwani mwanipa sumu ya panya?" Siku mbili kila nkimpa kidonge aniangalia kwanza.

Jana imesoma 2.2. Jirani naye nshamwambia, akitaka kuleta kitu alete maembe.