OSPF haiuliwi na hesabu, inauliwa na kelele

Kila anayeanza kushika netiweki kubwa swali lake ni lilelile, eria moja (yani kundi moja la ruta) ya OSPF, ile protokali ya ruta kupeana ramani ya njia ndani ya netiweki, inabeba ruta ngapi? Alafu anakutajia namba aliyoikuta mahali, 50, 100, sijui ngapi. Mi hizo namba sizishiki sana.

Watu wanaogopa ile hesabu ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi, hesabu ya mwaka 1959 hiyo jamani, CPU ya siku hizi inaimaliza ndani ya milisekunde tu hata ruta zikifika elfu. Shida ni matangazo ambayo ruta zinatumiana kuhusu hali ya linki zao, hiyo ndo kelele yenyewe. Linki moja ikikatika, ruta za pande zote mbili zinatoa tangazo jipya, jirani anampasia jirani, mpaka kila ruta kwenye eria iwe na nakala ileile, na kila moja ikilipata inapiga hesabu upya, sasa fikiria linki yenyewe ni bovu inawaka inazima usiku kucha. Na kwenye data senta ndo balaa, ruta ya chini ikiwa imeungwa na 32 za juu inaweza kuletewa tangazo lilelile mara 32! Ndo maana wengi kule walihamia BGP (protokali ya kupeana njia kati ya netiweki na netiweki) mpaka ndani, waraka wa RFC 7938 wa 2016 unaieleza vizuri tu.

Eria nazo watu wanazivaa kama hirizi. Umegawa eria kumi, sawa, ila kama ruta ya mpakani haifupishi anwani, yani kila kijinetiweki kinapita kwenda eria 0, ile ya kati, kama kilivyo, basi ulichopunguza ni hesabu tu, kelele bado inavuka. IS-IS, ndugu yake OSPF, na leveli zake mbili ni hivohivo. (RIP, ile protokali ya zamani, hata sitaki kuiongelea, njia mwisho iruke ruta 15 na kila sekunde 30 inamwaga jedwali zima.)

Mi nilijifunza kwa kuumia. Kuna sehemu nilifanya kazi, mtu aliingiza njia za BGP kwenye OSPF bila kichujio, ruta ndogo zikajaa memori zikaanza kujizima na kuwaka, kila ikiwaka inaomba nakala yote upya kwa majirani, majirani nao wanazidiwa wanadondosha ujirani, tukabaki tunazima linki moja moja kwa mkono mpaka asubuhi.

Tangu hapo, OSPF yangu inabeba anwani za ruta zenyewe na linki za kati basi, njia za wateja zote ziko BGP. Na taima ya SPF, yani ya kupiga ile hesabu ya njia fupi, naiacha iongeze subira yenyewe kelele zikizidi, ikitulia inarudi haraka. Mtu akinipigia netiweki nzito, kabla ya kuangalia CPU naangalia tangazo gani namba yake ya mfuatano (inayoongezeka kila likitolewa upya) inapanda mbio, na ruta iliyolitoa ndo naanzia hapo.