Kazi ilikuwa kuamua kilie wapi

Jamani, tumefunga king'ora cha wezi hapa nyumbani Nyegezi. Waya hazikutusumbua, mjadala ulikuwa ni wapi kikae. Fundi alipendekeza juu ya geti ili kionekane. Nikakataa. Pale mtu akipanda ukuta anakifikia kwa mkono.

Tumekipandisha juu kabisa, chini ya upenu, upande unaotazama nyumba za majirani. Nyuma yetu ni mawe tu, yale makubwa ya Mwanza, hakuna wa kusikia huko. Na sauti hupungua haraka: kila umbali ukiongezeka mara mbili, zinaondoka kama desibeli 6. Mdomo wake umeinamia chini, maana mvua ya hapa huja na upepo wa ziwani, na wale wadudu wa ziwani wakitua hujaza kila tundu. Ndani kina betri yake, kwa hiyo hata umeme ukikatika au waya ukikatwa kinalia. Mfuniko ukiguswa, kinalia pia.

Cha pili kiko koridoni, karibu na mlango wa mama, maana siku hizi anasikia kwa shida. Tumekiweka mbali na boksi la mitambo, mwizi akiifuata kelele asilikute.

Tulimwarifu balozi wa nyumba kumi, tukakijaribu mchana. Jirani wa bondeni amekisikia redio ikiwa imewashwa. Wa upande wa barabarani hakusikia vizuri, kwa hiyo Jumamosi fundi anarudi kukigeuza kidogo.