Kutumikia na kutumikishwa: nilivyoielewa Kutoka 1:13-14

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikizirudia aya mbili fupi za kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, aya ya 13 na ya 14, zinazosimulia jinsi Wamisri walivyowatumikisha wana wa Israeli kwa ukali na kuyafanya maisha yao kuwa machungu kwa kazi ngumu ya matofali na ya mashambani. Tangu utotoni nilizipita mbiombio, nikiwa na hamu ya kufika kwenye kijiti kinachowaka moto na Bahari ya Shamu.

Biblia yetu ya Union inataja kazi ya chokaa, lakini neno la Kiebrania lililopo hapo linamaanisha udongo, ule unaochanganywa na maji ukawa tope zito. Yeyote aliyewahi kufyatua matofali anaujua. Nikiwa kijana nilisaidia kufyatua ya nyumba ya baba mkubwa: tulichimba udongo, tukaumwagia maji, tukaukanyaga hadi ukalainika, kisha tukaujaza kwenye kalibu na kulitoa tofali moja moja. Kufikia saa sita mchana mgongo haukunyooka tena, na ngozi kati ya vidole vya miguu ilikuwa imepasuka. Hata hivyo tulipumzika tulipochoka, na nyumba ilikuwa yetu. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Farao Thutmose III, ng'ambo ya mji wa Luxor huko Misri, kuna michoro ya ukutani ya karne ya 15 kabla ya Kristo inayoonyesha mateka wa kigeni wakifanya kazi hiyohiyo, maji, jembe na kalibu vikiwa vilevile, ila pembeni yupo msimamizi mwenye fimbo. Michoro hiyo haiwataji Waisraeli, nami siichukulii kuwa ushahidi juu yao. Inanisaidia tu kuiona kazi yenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni lugha. Mzizi mmoja wa Kiebrania, ule wa kutumikia, unarudiwa mara tano ndani ya aya hizo mbili, nao ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa maneno ibada na kuabudu. Ni mzizi huohuo unaotumika pale Musa anapomwambia Farao awaache watu wa Mungu waende wakamtumikie jangwani (Kutoka 7:16). Kiswahili kimeubeba mpishano huu vizuri ajabu, kwa kuwa mtumwa, mtumishi, kutumikia na kutumikisha yote yanatoka katika kutuma. Basi ugomvi wa kitabu kizima ni juu ya nani anayetumikiwa na kwa namna gani. Wana wa Israeli hawakutolewa Misri ili wakae bure.

Ndiyo maana neno "kwa ukali", linalozifunga aya hizo mwanzo na mwisho, lina uzito mkubwa. Kwa Kiebrania ni *parekh*, neno lisilotokea mara nyingi katika Biblia, na mahali pamojawapo linapojitokeza tena ni Walawi 25, ambapo Waisraeli wenyewe, wakiwa sasa na mamlaka juu ya ndugu zao waliofilisika, wanakatazwa kuwatawala kwa ukali huohuo. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, alifafanua kwamba *parekh* ni kazi isiyo na kikomo au isiyohitajika, kama vile kumwambia mtu alime chini ya mizabibu "mpaka nitakapokuja", bila kumpa saa wala kipimo. Fimbo haitajwi kabisa katika ufafanuzi huo.

Sitaficha kwamba sura hiyohiyo ya Walawi inanisumbua, kwa sababu aya ya 44 hadi ya 46 zinaruhusu watumwa kutoka mataifa mengine wamilikiwe na hata kurithishwa, na katazo la ukali linatajwa kwa ajili ya ndugu peke yao. Nimesikia maelezo mengi ya kulainisha jambo hilo, na hakuna lililoniridhisha. Ninachoshikilia ni Kutoka 22:21, inayokataza kumwonea mgeni kwa sababu wasikilizaji wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Nyumbani kwetu yupo dada anayetusaidia kazi. Hatujawahi kumpiga wala kumnyima mshahara, na kwa hiyo nilijihesabu kuwa mwajiri mwema. Usiku ule niliposoma maneno ya Maimonides, saa ilikuwa imegonga nne na nusu, nami nilimsikia jikoni akisugua masufuria, kwa kuwa tangu aje kwetu hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake inakwisha saa ngapi. Kesho yake mimi na mke wangu tulikaa naye, tukamwomba radhi, tukakubaliana kwamba kazi yake itaishia saa kumi na mbili jioni na kwamba Jumapili ni yake. Vyombo vya usiku sasa tunaviosha sisi.